Kuhamisha mashine ya kufulia kutoka ghorofani Sinza hadi Goba

Katika vyombo vyote tulivyohama navyo kutoka ghorofa ya tatu Sinza kwenda nyumba ya chini Goba, humuhumu Dar es Salaam, mashine ya kufulia ndiyo iliyohitaji maandalizi marefu kuliko vyote, ingawa safari yake yenyewe ilikuwa fupi. Kitanda hufunguliwa na kufungwa upya, kabati likikwaruzwa hupigwa vanishi, na sufuria ikibonyea bado hupikia. Mashine ya mlango wa mbele huweza kushushwa kwenye gari ikiwa inang'aa, haina hata alama, kumbe ndani imekwisha kuvunjika, na mwenyewe asijue mpaka siku ya kwanza ya kufua. Kwa hiyo ninaandika zaidi kuhusu yaliyofanyika kabla ya kuinyanyua na baada ya kuitua, kwa kuwa huko ndiko usalama wake ulikoamuliwa.

Nililielewa jambo hili vizuri baada ya fundi mmoja mtu mzima wa pale mtaani, ambaye huzitengeneza mashine hizi kwa miaka mingi, kunifungulia bati la juu la mashine yangu na kunionyesha kilichomo. Pipa linalofua halikufungwa kwa nati kwenye kuta za mashine. Linaning'inia kwa springi mbili juu, na chini limeshikwa na shokapu, ili lipate nafasi ya kucheza linapokamua nguo kwa mizunguko 1,000 au 1,200 kwa dakika. Juu ya pipa hilo vimefungwa vipande vizito vya zege, na hivyo ndivyo vinavyoifanya mashine ya kilo 7 za nguo kuwa na uzito unaokaribia kilo 65 hata ikiwa tupu. Zege hilo huizuia mashine isitembee chumbani wakati wa kukamua. Hata hivyo, mashine ikilazwa, au gari likitumbukia kwenye shimo, uzito huohuo huyumba pamoja na pipa na kugonga kuta, nyaya, na mipira ya maji, na springi huweza kuchomoka mahali pake.

"Mama, hii haifi kwa kubebwa," aliniambia, "hii inakufa kwa kutikiswa."

Jirani yetu wa ghorofa ya pili alikuwa ameyaona hayo mwaka mmoja kabla. Yake ilisafirishwa ikiwa imelazwa kwa ubavu juu ya magunia ya nguo, na ilipowashwa ilifua kwa utulivu kabisa hadi ilipofika kwenye kukamua, ikaanza kupiga kishindo kilichowatoa watoto sebuleni. Springi moja ilikuwa imetoka kwenye ndoano yake na pipa limekaa upande. Bahati yake ni kwamba pipa halikupasuka, kwa kuwa pipa la plastiki likipasuka, gharama ya kulibadilisha pamoja na ufundi wake humfanya mtu afikirie kununua mashine nyingine.

Viwanda hulizuia tatizo hili kwa bolti za usafirishaji. Ni bolti ndefu, kwa kawaida tatu au nne, zenye mpira au plastiki nene, ambazo hupenya kwenye matundu ya mgongoni na kulibana pipa lisicheze kabisa. Mashine mpya huja nazo, fundi anayeifunga huzitoa, na kuanzia hapo maisha yake huwa mashakani: nyingine huishia kwenye kopo la misumari, nyingine hutupwa na boksi. Mashine yangu niliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama nchi, na bolti hazikuwemo. Fundi alinakili namba ya modeli kutoka kwenye kibandiko kilicho ukingoni mwa mlango, akaniandikia kwenye karatasi, nami nikaenda nayo Kariakoo kwenye maduka ya vipuri. Hapa nashauri watu wasikubali kauli ya "hizi zinaingia kwenye mashine zote." Bolti hutofautiana urefu na njia za nati, na fupi huingia kwenye tundu bila kulifikia pipa, ukadhani umelibana kumbe hujalibana. Nilizijaribu nyumbani kabla ya siku ya kuhama: zilipokazwa zote, nilisukuma pipa kwa mkono kupitia mlangoni na halikusogea.

Kwa asiyezipata, fundi alinieleza njia ya pili, ambayo alisema huitumia kwa wateja wake wengi. Mashine huchomolewa umeme, skrubu mbili za nyuma hufunguliwa, bati la juu huvutwa, kisha vipande vya sponji nene au blanketi lililokunjwa hupachikwa kati ya pipa na kuta za pande zote, kwa kubana lakini bila kukandamiza nyaya wala mipira. Si imara kama bolti, ila hupunguza sana mchezo wa pipa. Jambo la kukumbuka ni kuvitoa vipande vyote kabla ya kuwasha. Mashine zinazofunguliwa kwa juu zina mpangilio mwingine, kwa kuwa pipa lake huning'inia kwa fimbo nne za pembeni na nyingi hazina bolti hizi kabisa. Huko sponji ndiyo tegemeo, na mfuniko hufungwa kwa gundi ya karatasi. Zile za plastiki zenye mapipa mawili ni nyepesi, na watu wawili huzibeba bila maandalizi makubwa.

Kabla hata ya kuigusa mashine pale Sinza, nilikwenda Goba na futi ya kupimia. Mashine nyingi za aina hii zina upana wa sentimita 60, na milango ya vyoo na stoo katika nyumba zetu mara nyingi ni ya sentimita 70 au pungufu ya hapo. Ukiondoa unene wa fremu na mlango wenyewe unaobaki umesimama kwenye bawaba, nafasi halisi huwa ndogo kuliko inavyoonekana kwa macho. Mlango wa stoo tuliyoichagua ulilazimika kung'olewa kwenye bawaba kwa saa chache, na ilikuwa nafuu kulijua hilo mapema kuliko kulijua vijana wakiwa wameibeba mashine mikononi.

Sakafu ndiyo iliyotaka kazi zaidi. Stoo ile ilijengwa kama sehemu ya kufulia kwa mikono, kwa hiyo vigae vyake vinateremka kuelekea kwenye tundu la maji machafu, jambo ambalo ni jema kwa anayemwaga maji ya beseni na baya kwa mashine inayozunguka mara 1,200 kwa dakika. Miguu ya mashine huweza kurefushwa kwa kuizungusha, lakini ukiurefusha mguu mmoja sana, mashine husimama kwenye ncha ya skrubu na hutikisika hata ikiwa sawa kwenye pimamaji. Fundi ujenzi alitumwagia jukwaa dogo la zege lenye kimo cha sentimita 10 hivi, pana kuliko mashine kila upande, akalisawazisha na kulipiga lipu ya kukwaruza badala ya vigae ili miguu isiteleze. Tulilimwagilia maji na kuliacha likauke vizuri kwa wiki nzima kabla ya kulibebesha kitu. Jukwaa hilo lilileta faida nyingine, kwa kuwa tundu la maji machafu likiziba na stoo ikajaa, mota na pampu vilivyo chini ya mashine haviguswi.

Kisha kulikuwa na maji. Kule ghorofani tangi lilikuwa paani, juu kabisa ya vichwa vyetu, na mashine ilijaa bila malalamiko. Goba tangi lipo juu ya mnara wa mita 3. Hesabu yake ni nyepesi: kila mita 10 za kimo cha maji hutoa nguvu inayokaribia bar 1 (bar ni kipimo cha msukumo wa maji). Koki ya kufulia ipo juu ya ardhi kwa kama sentimita 80, kwa hiyo tangi likiwa linakaribia kuisha kimo kinachobaki ni mita 2 na kitu, yaani bar 0.2, na hata likijaa pomoni haifiki bar 0.4. Kitabu cha mashine yangu kinataka angalau 0.05 MPa, ambayo ni nusu bar. Nguvu ikiwa ndogo, mashine husubiri maji, husubiri tena, kisha husimama na kuonyesha alama ya hitilafu, na ni rahisi kudhani kuwa imeharibika njiani wakati haina kosa lolote. Tulifunga pampu ndogo ya kuongeza nguvu ya maji, ile inayojiwasha yenyewe koki inapofunguliwa, na fundi bomba aliifunga siku mbili tatu kabla ya kuhama.

Kuhusu umeme sikutaka mjadala. Mashine inapochemsha maji huweza kutumia wati 2,000, na kwa volti 230 hizo ni karibu ampea 9 mfululizo. Ekstensheni ya dukani inayotumika kuchajia simu haikutengenezwa kwa mzigo huo, na mahali penye maji ni hatari maradufu. Fundi umeme aliweka soketi ya ukutani iliyo juu ya kiwango cha maji yanayoweza kuruka, akapima waya wa athi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, hadi kwenye fimbo iliyochimbiwa nje, akagundua kwamba kiungo chake kilikuwa kimeshika kutu na kulegea. Kosa kama hilo halionekani kwa taa wala kwa televisheni. Huonekana siku mtu anapogusa bati la mashine akiwa peku kwenye sakafu iliyolowa.

Siku moja kabla ya kuhama nilifua kwa mara ya mwisho, kisha nikaipitisha mashine kwenye kukamua peke yake ili pampu isukume nje maji yaliyobaki. Nilifunga koki, nikafungua mpira wa maji nikiwa nimekinga ndoo, na kuuacha mlango wazi usiku kucha. Wengi huishia hapo, lakini bado maji yamo. Chini mbele, upande wa kulia, kuna kifuniko kidogo, na nyuma yake kipo kichujio cha pampu. Nafasi kati ya kichujio na sakafu ni ndogo mno kwa beseni, hivyo nilisogeza sinia la kupakulia pilau, nikalegeza kichujio polepole, nikakifunga kila sinia lilipojaa. Yalitoka maji ya rangi ya majivu zaidi ya lita moja, pamoja na vibanio vya nywele, kifungo cha sare ya shule na sarafu ya shilingi 200. Maji hayo yangebaki, yangemwagika kwenye ngazi chini ya miguu ya wabebaji, au yangepanda kwenye nyaya mashine ilipoinamishwa. Mipira na waya vilikunjwa. Waya ulibandikwa mgongoni kwa gundi, mipira ikaingia kwenye mfuko pamoja na washa zake, vile vipete vya kuzuia maji kwenye viungo. Mwisho nilikaza bolti zote.

Vijana waliokuja kubeba walikuwa hodari na wenye haraka. Mmoja wao aliiangalia mashine akasema, "Mama, hii tunailaza tu kwenye kirikuu, haina shida," yaani kwenye kile kigari kidogo cha mizigo. Mwingine akapendekeza sufuria zijazwe ndani ya pipa ili kuokoa nafasi. Niliwajibu kwamba hii inasafiri imesimama na tupu, na kwamba malipo ya ngazi tutayazungumza upya ikiwa wataona ni kazi kubwa kuliko walivyodhani. Tukaelewana. Naamini ni bora kulipa kidogo zaidi na kuweka masharti kabla kuliko kubishana kwenye ngazi, kwa sababu mtu aliyebeba kilo 65 hawezi kusikiliza maelezo.

Tuliizungushia blanketi na kulifunga kwa gundi pana. Mikono ilishika kingo za chini za bodi. Mlango, droo ya sabuni na bati la juu havikuguswa, kwani vyote hivyo huonekana kama vishikio na hakuna kimojawapo kinachoweza kuhimili uzito wa mashine. Waliishusha wakiwa wawili, mwenye nguvu zaidi akiwa chini kwa kuwa yeye ndiye anayepokea uzito, na wa tatu alitangulia mikono mitupu akiwaambia ngazi zilizobaki na kuwazuia watu waliokuwa wanapanda. Kwenye kona za ngazi waliitua na kupumua. Waliiinamisha kidogo kuelekea mgongoni pale ilipobidi, kamwe si kuelekea mlangoni.

Kwenye kirikuu ilikaa imesimama, mgongo ukigusa ukuta wa nyuma ya dereva. Dereva alikuwa ametandika godoro sakafuni kwa nia njema, nikamwomba alitoe. Kitu kizito kinachosimama juu ya godoro hupepesuka kila gari linapokata kona. Pazuri ni pakavu na pagumu, na godoro kazi yake ni pembeni, kati ya mashine na bodi la gari. Ilifungwa kamba mbili, moja juu na moja karibu na miguu, zikipita pembeni bila kubana mlango. Juu yake halikuwekwa kitu. Tulipita Makongo, ambako lami ilitusaidia, na sehemu ya mwisho ya barabara ya vumbi iliyochimbwa na mvua dereva aliipita kwa mwendo wa kutembea, tukipitwa na bodaboda zote za Goba.

Baada ya kuifikisha, jirani mpya aliyekuja kutusalimia alinishauri niiache hadi kesho yake kabla ya kuiwasha. Ushauri huo ni wa friji, ambayo mafuta ya kompresa yake huhitaji muda wa kurudi mahali pake ikiwa ililazwa au kuinamishwa. Mashine ya kufulia haina mafuta ya namna hiyo. Nilimshukuru, nikaendelea.

Bolti ndizo zilitoka kwanza. Mashine ikikamua bolti zikiwamo, pipa huitikisa bodi nzima kwa nguvu zote, na uharibifu ambao bolti zilikuja kuuzuia hufanywa na bolti zenyewe. Nilizihesabu mkononi, nikaziba matundu kwa vifuniko vyake vya plastiki ili mende wasipate njia, na kuziweka kwenye mfuko mmoja na kitabu cha mashine. Kisha pimamaji ikalazwa juu, kwanza kwa upana, halafu kutoka mbele kwenda nyuma, tukizungusha miguu hadi kipovu kikatulia katikati. Nilibonyeza pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, halafu zile nyingine mbili, na ilipokuwa haichezi tena nilikaza nati ndogo ya kila mguu kuelekea juu kwenye bodi. Nati hizo wengi huzisahau, na bila hizo miguu hujifungua yenyewe polepole kwa mtikisiko.

Mpira wa kutoa maji machafu unahitaji maelezo, kwa kuwa nimeuona umelazwa sakafuni kwenye nyumba nyingi, mdomo wake kwenye tundu la maji. Katika mashine nyingi unatakiwa upande hadi kimo cha kati ya sentimita 60 na 100 kutoka miguuni mwa mashine ndipo ushuke. Ukilazwa chini, maji yanayoingia hutoka hapohapo kwa mvuto, mashine inaendelea kujaza pipa lisilojaa, na bili ya maji inapanda bila nguo kutakata. Kwa kuwa yetu ipo juu ya jukwaa, kimo kilipimwa kuanzia kwenye jukwaa, na mpira ukafungwa ukutani kwa kibanio, mdomo wake ukiingia kwenye bomba kwa kulegea kiasi cha kupitisha hewa.

Upande wa maji safi niliweka washa mpya, nikakaza kwa mkono na kumalizia kwa spana robo mzunguko. Tepu nyeupe ya mafundi bomba ilitumika kwenye koki tu. Kwenye kichwa cha mpira kazi ya kuzuia maji ni ya washa, na tepu pale humfanya mtu akaze kupita kiasi na kupasua plastiki. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mfupi, bila nguo wala sabuni. Wakati maji yakiingia nilipitisha kipande cha karatasi laini kavu kwenye kila kiungo, maana tone dogo ambalo jicho halilioni, karatasi hulionyesha mara moja. Kiungo kimoja kililowesha karatasi, kikakazwa. Kwenye kukamua niliweka kiganja juu ya mashine: ilitetemeka kwa mfululizo mmoja, bila kishindo wala kusogea.

Wiki chache baadaye nilirudia pimamaji, nikakuta mguu mmoja umeshuka kidogo, nikausawazisha. Maji ya Goba tunayotumia ni ya kisima na huja na mchanga mwembamba, kwa hiyo kila mwezi nafungua mpira kwenye mashine na kusafisha kichujio kidogo cha nyavu kilichopo kwenye tundu la kuingizia maji, nikitumia mswaki wa zamani. Koki yake hufungwa kila tunapomaliza kufua, kwa sababu pampu huendelea kuusukuma mpira huo hata nyumbani pakiwa hapana mtu.